Afya ya Jamii, Kihispania na Tumbo la Mwanafunzi

Safari fupi ya kusomea afya ya jamii na Kihispania ni kozi ya chuo inayochukua wiki mbili hadi nne katika nchi inayozungumza lugha hiyo. Vyuo vya Marekani huipanga Januari au mara tu baada ya mitihani ya Mei, na Costa Rica ni miongoni mwa nchi zinazopokea wanafunzi hao kwa wingi. Asubuhi huwa na darasa la lugha, mchana ziara za zahanati na vijijini, na jioni chakula nyumbani kwa familia iliyompokea mwanafunzi. Kwenye ratiba, mgeni anakwenda kuchunguza afya za wenyeji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kozi hii mwenyeji ni mzima wa afya tangu mwanzo, na anayehitaji kuponywa ni mgeni.

Mambo huanza kuharibika kwenye begi. Mwanafunzi hufungasha dawa za kuzuia kuhara, dawa za kulainisha choo endapo zile za kwanza zitafanya kazi kupita kiasi, chujio la maji, na rundo la miswaki ya kugawa kwa wahitaji. Akifika hukuta kwamba maji ya bomba yananywewa bila wasiwasi sehemu nyingi za nchi, chini ya shirika la taifa la maji lililoundwa mwaka 1961, na kwamba maduka yamejaa miswaki, tena mizuri kuliko yake. Wahitaji wakikosekana, miswaki hurudi nayo Marekani, ikiwa imeona dunia.

Nyumbani kwa wenyeji, somo la kwanza hutolewa bafuni. Katika nyumba nyingi maji ya kuoga hupashwa moto na kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye shawa, nyaya zake zikionekana waziwazi juu ya kichwa cha muogaji. Kifaa hicho kina nguvu ileile wakati wote, kwa hiyo maji yakipita kidogo yanapata moto, yakipita mengi yanabaki baridi. Mwanafunzi anayehisi baridi hufungua bomba zaidi, baridi inazidi, naye anafungua zaidi tena. Hutoka akitetemeka na kuandika katika daftari lake kwamba wenyeji hawana maji ya moto, huku mama mwenye nyumba akishangaa mgeni huyu anayependa kuoga barafu. Somo la pili liko hapohapo: karatasi za chooni hutupwa kwenye kapu, kwa kuwa mabomba ni membamba na nyumba nyingi hutegemea karo. Kibandiko cha kueleza hayo kimebandikwa ukutani kwa Kihispania, na mwanafunzi hukisoma kwa makini baada ya choo kuziba.

Mezani tatizo ni la aina nyingine. Kifungua kinywa ni gallo pinto, yaani wali na maharage yaliyokaangwa pamoja, na kahawa iliyochujwa kwa mfuko wa kitambaa. Darasani mwanafunzi amefundishwa namna ya kusifia chakula, lakini somo la kukataa kwa adabu liko sura ya tisa, ambayo kozi fupi haifiki. Kila sifa huleta kijiko kingine. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza suruali imeanza kubana, na mwanafunzi wa lishe anapima kiuno chake kwa wasiwasi wa kitaalamu.

Kihispania chenyewe humpiga chenga mlangoni. Huko kwao amekariri vitenzi vya kumwambia rafiki, akitumia kiwakilishi cha tú. Costa Rica watu hutumia zaidi usted, cha heshima, na vos baina ya waliozoeana. Wazazi wengi humwambia mtoto usted, na hata mbwa anayeiba tortilla hufukuzwa kwa heshima hiyohiyo. Juhudi za mihula miwili zinabaki bila mtu wa kuambiwa.

Nyakati za vitenzi nazo zina visa vyake. Kila kundi hupelekwa kwenye Makumbusho ya Taifa jijini San José, iliyokuwa ngome ya Bellavista, ambako tarehe 1 Desemba 1948 José Figueres Ferrer alipiga ukuta kwa nyundo kuashiria kwamba jeshi la nchi limefutwa. Walimu hupenda kuieleza afya ya Costa Rica kuanzia hapo: fedha zisizonunua bunduki zinaweza kujenga shule na hospitali. Mwanafunzi akitakiwa kusimulia habari hiyo, huchanganya wakati uliopita na ujao, na katika masimulizi yake jeshi bado lipo na Bwana Figueres anakusudia kulivunja wiki ijayo.

Kufika zahanati ni mtihani unaojitegemea. Kwa desturi, anwani za San José hazitegemei namba za nyumba. Mtu huelekezwa mita mia mbili kusini na hamsini magharibi kutoka mahali fulani. Mita mia ni mtaa mmoja, uwe mrefu au mfupi, kwa hiyo mwenye kuhesabu hatua hupotea kisayansi. Tena alama yenyewe huenda haipo. Eneo la San Pedro watu wameendelea kuelekezana kwa mti mkubwa wa jamii ya mikuyu ulioanguka zamani, na kituo maarufu cha mabasi huitwa Coca-Cola kwa sababu ya kiwanda cha kinywaji hicho kilichokuwa hapo na kuondoka. Mwanafunzi aliyeambiwa akutane na wenzake Coca-Cola huonekana dukani, soda mkononi, akiwasubiri.

Zahanati anayoitafuta iko chini ya mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, unaojulikana kwa kifupi kama Caja, ulioanzishwa mwaka 1941 chini ya Rais Rafael Ángel Calderón Guardia, ambaye mwenyewe alikuwa daktari. Tangu katikati ya miaka ya 1990 huduma ya msingi hutolewa na timu ndogo ziitwazo EBAIS: daktari, muuguzi msaidizi, karani, na mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba. Kila timu hupangiwa eneo lake, lenye watu wapatao elfu nne au zaidi. Umri wa kuishi unaotarajiwa nchini ni takriban miaka 80, juu kidogo ya ule wa Marekani, kwa matumizi madogo zaidi kwa kila mtu. Mwenye miswaki huandika takwimu hiyo polepole.

Huandika akiwa amekaa, na hapo ndipo kosa lilipo, maana kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha foleni. Jina likiitwa na mwenyewe asitokee, macho yote humgeukia kijana mwenye daftari. Kabla hajapanga sentensi ya kujieleza, ameshapimwa uzito na kufungwa mkono kwa kipimo cha shinikizo la damu. Shinikizo huwa juu, kwa sababu zinazoeleweka.

Ziara za majumbani ndizo kiini cha kozi. Dengue ilirejea Costa Rica mwaka 1993, baada ya miongo ambayo mbu wake, Aedes aegypti, alikuwa amedhibitiwa. Mbu huyo huuma mchana na hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: matairi, visahani vya maua, hata kizibo cha chupa. Mhudumu hupita uani akipindua kila kinachoshika maji, na mwanafunzi humfuata akimsomea bibi wa nyumba mapendekezo saba kutoka kwenye karatasi. Bibi, aliyekuwa akimwaga maji ya visahani kabla msomaji hajazaliwa, humsikiliza kwa upole na kumrekebisha matamshi.

Viluwiluwi vikipatikana, hupatikana nyumba anayolala mwanafunzi. Mvua za alasiri, zinazoanza Mei, zimemchafua viatu, naye kaweka ndoo uani ili akinge maji ya kuvioshea. Kutoka yai hadi mbu mpevu ni kama wiki moja hadi siku kumi, muda unaolingana vizuri sana na wa kozi fupi. Mhudumu huandika alichokiona kwenye fomu, na mama mwenye nyumba, aliyetunza uwanja wake miaka yote bila dosari, humtazama mtaalamu wake wa afya ya jamii bila kusema neno.

Linalobaki ni tumbo. Mwanafunzi amechuja maji yasiyohitaji kuchujwa, kisha amekula samaki mbichi wa ndimu sokoni kwa mikono iliyotoka kushika nguzo ya basi. Kuhara kwa wasafiri husababishwa mara nyingi na bakteria, hasa aina fulani za E. coli, na hupita katika chakula na mikono kwa urahisi uleule unaopita katika maji. Tiba ya mwanzo anaijua, kwa kuwa aliiandalia bango darasani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Anayeikoroga usiku huo ni mama mwenye nyumba, ambaye hakuliona bango.

Asubuhi hupelekwa kwa daktari, na masomo mawili yaliyotenganishwa kwenye ratiba hukutana. Daktari anauliza mara ngapi, tangu saa ngapi, rangi gani, nzito au nyepesi, kuna damu au hakuna. Namba, saa, rangi na sifa ni sura nne za kwanza za kitabu cha Kihispania, zilizofundishwa kwa picha za matunda na baluni. Mgonjwa hujibu zote bila kusita, na wakati uliopita huwekwa mahali pake, kwa kuwa safari hii ni muhimu daktari ajue kilichokwisha kutokea na kinachokaribia kutokea. Ni mazungumzo yake marefu kuliko yote ya kozi, na pengine sahihi kuliko yote, ingawa hayaingii katika alama.

Kozi hufungwa kwa mtihani wa mazungumzo, ambapo mwanafunzi huulizwa kuhusu familia yake na hali ya hewa, na kwa ripoti ya afya ya jamii. Sehemu ya mapendekezo katika ripoti hiyo huwa imepungua njiani. Aliyekwenda na mapendekezo saba kwa wenyeji hurudi na mawili, yote kwa wanafunzi watakaofuata: wamwage maji ya ndoo, na wanawe mikono kabla ya kula.