Sifa za Akaunti Inayokufa Desemba

Wengine na walisifu Ziwa Ontario na machweo ya Frenchman's Bay. Mimi mkaaji wa Pickering, Kanada, naisifu akaunti ya matibabu niliyopewa kazini: dola 500 kwa mwaka, ambazo sijapata kuzishika hata senti.

Kadi ya OHIP, bima ya afya ya Ontario, humlipa daktari na hospitali, ila haijui kuwa mtu mzima ana meno. Akaunti yangu inayajua. Nalipa kwanza kwa pesa zangu, natunza risiti, natuma dai kwa simu, nangoja. Ikiridhika hunirudishia, na kodi ya mapato haigusi hata dola, kwa kuwa aliyeweka ni mwajiri. Wenzetu wa Marekani hukatwa mishahara yao wenyewe kujaza akaunti ya namna hii, na bado pesa zikibaki huweza kuwapotea. Nani kama mimi?

Imenifunza adabu ya karatasi. Juzi nilituma kile kikaratasi kinachotemwa na mashine ya kadi. Jibu likaja: hii si risiti. Walitaka jina la mgonjwa, tarehe, huduma, na namba ya usajili ya aliyenichua mgongo. Nikarudi kwake Kingston Road na theluji viatuni kuifuata namba. (Nyanya yetu wa mafuta ya nazi, aliyenyoosha migongo ya mtaa mzima, hana namba, basi hakutibu mtu.) Vitamini haikubali, hata daktari akiandika. Mswaki haikubali. Ada ya mazoezi ndiyo kabisa: haitaki watu wenye pupa ya kupona kabla ya kuugua.

Ukoo pia inaujua. Mzazi ninayemtunza huweza kuhesabiwa, hata shangazi, hata mpwa, madhali anakaa Kanada. Magoti ya mama yangu yako Tanga. Basi kwa mujibu wa akaunti, hayaumi.

Na wivu wake! Serikali ya shirikisho ilipoleta mpango wa meno kwa familia zenye kipato cha chini ya dola 90,000, iliuliza kama mwombaji ana bima ya meno au akaunti ya namna hii kazini. Ninayo. Jina likakatwa. Dola 500 zimenikinga na serikali nzima.

Lakini uzuri wake hasa huonekana mwisho wa mwaka. Kuna mipango inayosogeza salio mwaka mmoja mbele. Wetu hausogezi kitu. Tarehe 30 Desemba nilikuwa kwenye duka la miwani, cheti cha macho mfukoni, dola 87 zilizobaki zikihesabu saa zao. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa wenzangu wawili wa ofisini, kila mmoja akijaribu fremu juu ya miwani aliyokwisha kuivaa. Tuliangaliana, tukainamisha vichwa kama tuliokutana kwa mganga.

Muuzaji akaniuliza kama ninaona vizuri. Nikamwambia mpaka kesho usiku, sioni kitu.