Kimya cha Kulipia

Binti yetu ametulipia mimi na mama yake wikiendi katika nyumba ya wageni huko Kigamboni, eti tukapumzike. Kupumzika kwenyewe kunaanzia Magogoni, kwenye foleni ya pantoni, huku mwenye ndoo ya samaki kutoka Feri akikumwagia maji ya kibua kwenye kiatu. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, wenye magari walipata njia ya kuzungukia Kurasini. Sisi wa pantoni ya shilingi 200 tunaendelea kusukumana.

Ng'ambo, bajaji ilitutikisa hadi lami ikaisha, mchanga ukaanza, na mwisho wa mchanga lilikuwapo geti lisilo na kibao. Nadhani kibao nacho kingepiga kelele.

Gesti za nchi hii nazijua. Nimezoea daftari linalouliza kabila, unatoka wapi na unakwenda wapi, ndala za rangi mbili tofauti, na taulo lililoandikwa jina la gesti kwa kalamu ya wino ili usiondoke nalo. Hapa alitupokea kijana mwenye glasi mbili za ukwaju. "Shikamoo mzee," akanong'ona. Nikajikuta naitikia marahaba kwa sauti ya msibani.

Vyumba ni vitano na wageni ni sisi tu. Televisheni hakuna, na siku hiyo Yanga wanacheza. Nilipouliza, nikaambiwa ndiyo utulivu wenyewe. Mimi nilidhani kitu kikikosekana bei hushuka.

Shida ya mahali patulivu ni kwamba kelele unabaki kuwa wewe. Ukikoroga chai, mtunza bustani anageuka. Ukikohoa, kijana anatokea kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Halafu kuna choo. Mchoraji wa nyumba aliona mlango utaharibu mandhari, akajenga ukuta unaoishia kifuani. Mimi na mama watoto tumeishi miaka mingi kwa kuheshimiana, na sehemu kubwa ya heshima hiyo ilikuwa inashikiliwa na mlango. Hata kugombana tulishindwa. Tulikodoleana macho tu, kisha kila mmoja akageukia upande wake wa chandarua.

Usiku komba, wale wale wanaosifika kwa ulevi, walianza kuzozana mnazini. Hakuna aliyewanong'oneza wanyamaze. Alfajiri wakapokea zamu kunguru, wajukuu wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ambao hadi leo hawajalipia chumba popote.

Kifungua kinywa kililetwa juu ya kipande cha ubao: mihogo mitatu myembamba, imepangwa kwa kupishana, na jani la mnanaa. Pale kivukoni muhogo wa kuchoma unapakwa chumvi na pilipili, unafungiwa kwenye gazeti, na unashibisha. Huu niliutafuna polepole, maana ulikuwa unalia mdomoni na kijana alikuwa amesimama karibu.

Binti akapiga simu kuuliza tunaonaje. Kabla sijafungua mdomo, mama yake akainyakua. Akasema pazuri mno, kwa sababu tangu anijue hajawahi kuniona nimenyamaza muda mrefu namna hii. Wameshapanga turudi Desemba. Safari hiyo, nasikia, nalipa mimi.