Tandiko la Bata Mzinga

Majira ya kuchipua yakifika Marekani, wawindaji, wanaume wazima, hujipaka rangi za majani usoni, wakaegemea mti kabla hakujapambazuka na kumwigizia bata mzinga dume sauti ya jike. Hilo ndilo jepesi. Kasheshe huwa mezani, wiki kadhaa kabla: kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu kifungwe vipi juu ya bunduki ya marisau? Huyu anataka chuma kitobolewe, kikatwe hesi, ifungwe reli. Yule anaapa kwa tandiko linalokaa mgongoni mwa bunduki na kushikwa na pini za kifyatulio. Tandiko likiinuka mno, shavu linaachana na kitako, na bwana mkubwa anaitafuta nukta kama aliyedondosha sindano mchangani. Haya, tuwape haki yao: marisau ya siku hizi hutoka yamebanana, na kinacholengwa ni kichwa na shingo tu. Lakini babu zao walimla ndege huyohuyo kwa kulengea shanga moja ya shaba nchani mwa mtutu! Basi kaza skrubu, mheshimiwa, ujaribu kwanza kwenye karatasi, mita 35. Bata mzinga mwenyewe haulizi bei ya tandiko.