Shangazi Anajibu: Mzazi Ndani, Tangazo Ubaoni

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka Mbinga, na nyingi zinanukia maziwa ya mtoto. Nimechagua tatu. Zilizobaki zinahusu mashamba ya ngoro na nani kasogeza mpaka. Hizo mpelekeeni mwenyekiti wa kijiji.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani katika chama cha ushirika cha kahawa hapa Mbinga. Niko likizo ya uzazi, wiki ya tano. Mwenzangu wa kazini alikuja kumwona mtoto, akaleta sabuni, sukari na habari: nafasi ya msimamizi wa ghala imebandikwa ubaoni, ni kwa watumishi wa ndani tu, na mwisho wa kuomba ni mwisho wa mwezi. Nikampigia meneja. Akasema, "Pumzika mama, nyonyesha. Nafasi zitakuja nyingine." Mume wangu kasema hivyo hivyo. Mama mkwe kasema hivyo hivyo, akaongeza kwamba mzazi akishika kalamu maziwa yanakauka. Nifanyeje? Mzazi wa Wiki ya Tano.*

Marahaba mwanangu, na hongera. Tuanze na maziwa, maana ndilo jepesi. Maziwa hupungua mtoto asiponyonya mara kwa mara. Habari za kalamu ndiyo kwanza nazisikia kwako. Lakini usibishane na mama mkwe. Mnyonyeshe mtoto ashibe, mkabidhi bibi yake, sema unakwenda kuoga, kisha andika barua yako.

Sasa meneja. Huyo hana ubaya na wewe, na ndiyo maana nakuonya. Mwenzio alikuletea sukari na tangazo. Yeye amekuletea pole tupu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na inamtaka mwajiri atoe likizo hiyo mara nne. Piga hesabu. Kama kila likizo utaambiwa nafasi zitakuja nyingine, utakuwa na watoto wanne na ukarani ule ule.

Atakutajia kwamba sheria hiyo hiyo inakataza mzazi kufanya kazi ndani ya wiki sita tangu kujifungua, mpaka daktari aruhusu. Ni kweli, na ni kinga yako. Ila kupeleka bahasha si kufungua ghala. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito na kwa sababu ya majukumu ya kifamilia, na hakikuishia kwenye mshahara: kimetaja matangazo ya kazi, uteuzi, uhamisho na kupandishwa cheo. Ukiwa ndani na kanga mbili na chupa ya uji, wewe bado ni mtumishi wa ndani kama wale wanaolisoma tangazo wakitoka kunywa chai.

Wala usidhani umepotea machoni pa watu kiasi cha kusahaulika; likizo yako si ndefu hivyo. Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 2000, liliweka wiki 14 kuwa kiwango cha chini. Sisi tuna 12. Kuna watu huko ofisini hukaa likizo ya "kufuatilia mambo ya shamba" muda mrefu kuliko huo na hakuna anayewaambia wapumzike.

Andika barua fupi. Taja miaka uliyokaa kwenye vitabu vya chama, misimu uliyopokea kahawa ya wakulima na hesabu ikakaa sawa. Habari ya mtoto iwe sentensi moja tu: likizo yangu inaisha tarehe fulani, na niko tayari kuja kwenye usaili kabla ya hapo. Usiombe radhi kwa kuzaa. Chapa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, hiyo urudi nayo nyumbani uiweke pamoja na kadi ya kliniki. Barua isiyo na muhuri, meneja mwenye huruma huwa haioni.

Swali la magunia litakuja, jiandae. Sheria inakataza kumpa anayenyonyesha kazi ya kuhatarisha afya yake au ya mtoto, na mtu atakwambia ghala lina vumbi na mizigo. Mjibu kwamba magunia hubebwa na makuli. Msimamizi hubeba daftari na lawama. Ukiipata nafasi, kumbuka una haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, za kumnyonyesha mtoto. Zidai siku ya kwanza, kabla hawajazoea kukuona muda wote.

*Shangazi, mimi ni kiongozi mwenye utu. Ilitokea nafasi ya kuhamia Mbamba Bay kwa cheo cha juu. Mtumishi wangu mmoja anayestahili alikuwa na kichanga. Nikafikiria ile barabara na kona zake, nikafikiria upepo wa ziwa, nikaliondoa jina lake bila hata kumsumbua kumuuliza. Sasa kanipeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi! Nimekosa wapi? Mwajiri, Mbinga.*

Ndugu mwajiri, barabara ni lami hadi ziwani. Upepo wa Nyasa nao umewakuta watoto wa Liuli na Lituhi tumboni, na wamekua wakila usipa mpaka wamekuwa walimu wako. Niambie tu: lini uliondoa jina la mwanaume mwenye kichanga kwa kuhofia kona?

Amewahi, na siku 60 za kupeleka mgogoro wa namna hii hazijamtupa. Akishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo unahamia kwako: wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba haukuwepo, au kwamba sababu ilikuwa nyingine. Nawe umeshaniandikia sababu kwa mkono wako na kuipamba. Ukifika mbele ya msuluhishi usitamke neno "huruma" hata kidogo, maana ndilo ungamo lenyewe. Nakushauri mmalizane pale pale kwenye usuluhishi, jina lirudi, na usaili urudiwe naye akiwemo.

*Shangazi, mke wangu kaitwa usaili Songea na mtoto ana miezi miwili. Nani atabaki na mtoto? Siku zangu tatu za likizo ya baba nilishazimaliza. Baba Mpya.*

Baba, sheria imekupa siku tatu ndani ya siku saba za kwanza. Haikusema siku ya nne unarudi kuwa kapera. Omba ruhusa ya siku moja, panda gari nao. Ni karibu kilomita 100, na kipupwe kikiwa kimeshika mfunike mtoto vizuri. Mama akiitwa ndani, wewe kaa kwenye benchi la nje na mtoto, nepi nne, na kofia. Watu watakukodolea macho, wasalimie. Akilia, tembea naye uwanjani, usigonge mlango wa jopo. Na kwa kuwa nahisi hujawahi kuuliza: mtoto wa kike hupanguswa kutoka mbele kwenda nyuma.