Hindi la Kuchoma Halimtaki Mwenye Shughuli

Hindi likiungua nje na kubaki bichi ndani, lawama humwangukia mpishi. Si haki. Katika nyumba za kupanga za Likoni, Kisauni na Changamwe, hindi haliharibiwi na uhaba wa ujuzi bali na wingi wa shughuli. Mchomaji wa kivukoni ana kazi moja: kupepea na kugeuza, kugeuza na kupepea. Mpishi wa nyumbani ana wali wa kupalia, mtoto wa kuogesha, simu inayolia, na jirani anayebisha hodi kuuliza moshi watoka wapi. Tena makaa yaliyoshika vizuri kwenye seredani hutoa joto tulivu, ilhali mwali wa gesi, unaopita nyuzi 1,000, huramba upande mmoja. Maji yaliyomo ndani ya punje hugeuka mvuke, ngozi yake hupasuka, na punje huruka hadi kwenye mchuzi ambao haukuwa na habari na mahindi.

Kwa hiyo nyumbani hindi litiwe nazi. Likatwe vipande, lichemshwe kwa tui jepesi lenye manjano, chumvi na pilipili, kisha tui zito lifuate mwishoni. Hapo sayansi humtetea mwenye shughuli: maji yakichemka hayaongezi joto, na Likoni, usawa wa bahari, kikomo hicho ni nyuzi 100, Nairobi, kwa ajili ya mwinuko, hakifiki hapo. Shangazi akipiga simu ya dakika kumi, hindi la motoni limekuwa mkaa; la chunguni limelainika tu. Atapinga mtu kwamba tui nalo huungua. Naam, likiachwa likauke, na hukatika likichemshwa kwa pupa. Lakini chungu hunung’unika na kunukia kabla ya maafa. Hindi la gesi huungua kimya kimya.

Wengine watasema bibi zetu walichoma nyumbani. Walichoma uani, kwenye mafiga, hindi lililovunjwa shambani jioni ile ile. Sukari ya hindi huanza kugeuka wanga mara tu livunjwapo, na joto huharakisha mambo. Hindi lililofika soko la Kongowea kwa lori limeshapoteza sehemu ya utamu wake, nalo lahitaji nazi kuliko moto. Pingamizi zito ni moja tu: chungu hakitoi ladha ya moshi. Hilo halina jibu jikoni, jibu liko barabarani kwa mchomaji. Na anayekerwa na kipande kimoja cha ndimu kinachosugua mahindi ya abiria wote wa feri aende na ndimu yake mfukoni. Akichekwa, avumilie, ni nafuu kuliko kufua upya nguo za jirani zilizofukizwa kambani.