Sifa za Ubishi Usiolipa: Magere na Liyongo Wakutanishwa Mulot

Kazi zote zenye heshima zimekwisha kupata wa kuziimba. Mkulima amesifiwa, mwalimu amesifiwa, na mwanasiasa hujisifu mwenyewe. Ubishi hauna msemaji. Na hapa hauzungumziwi ubishi wa maana, wa bei ya majani chai au mpaka wa kaunti, bali ule wa daraja la mwisho kabisa: wanaume wenye akili timamu, saa nne asubuhi, siku ya kazi, wakitoleana macho juu ya nani angemshinda mwenzake kati ya mashujaa wawili wa hadithi ambao hawakusema lugha moja, hawakukanyaga nchi moja, na pengine hata hawakuishi.

Wake wanauchukia. Waajiri wanauchukia. Wahubiri wameuweka jirani na uvivu. Haya basi, na upande wake usikilizwe.

Pa kuusikiliza ni Mulot. Mji huu mdogo umekaa kwenye barabara ya Narok kwenda Bomet, mguu mmoja kaunti hii na mwingine kaunti ile, karibu na Amala, mto unaokutana na Nyangores kuuzaa mto Mara. Ukielekea Bomet na kupanda vilima, mashamba ya majani chai huanza. Ukirudi Narok, ni mahindi, ngano na ng'ombe. Mpakani hukutana watu: Wakipsigis, Wamaasai, Wakisii wanaopita na ndizi, madereva wa malori wanaotafuta chai ya maziwa na chapati mbili kabla ya kuendelea. Mahali pa namna hiyo hakosekani mtu wa kupinga jambo lolote.

Miaka ya karibuni Kenya imelijua jina la Mulot kwa sababu nyingine. Makachero wa DCI wamefika huko mara kwa mara kuwasaka vijana wanaotuhumiwa kuteka laini za simu za watu na kukomba pesa zilizomo. Sifa ya kwanza ya ubishi ichukuliwe hapo hapo: kijana aliyeshinda steji ya bodaboda kutwa nzima akimtetea Lwanda Magere, sauti imemkauka na mikono yote miwili iko hewani, hakupata nafasi ya kumtumia mtu ujumbe wa uongo. Ni ulinzi wa bure kwa uchumi wa taifa, na Benki Kuu haijawahi kutoa shukrani.

Magere na Liyongo walikutanishwa na shule. Fasihi simulizi hutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, na kwenye kipengele cha mighani vitabu vya wanafunzi huwaweka jamaa hawa wawili pamoja, Fumo Liyongo wa Waswahili na Lwanda Magere wa Wajaluo, mara nyingi ukurasa mmoja. Kuwaweka mashujaa wawili ukurasa mmoja mbele ya wavulana wa kidato cha tatu na kutarajia wasiulize nani angempiga nani ni kutowajua wavulana. Mtihani hupita, cheti hupatikana au hakipatikani, swali hubaki miaka 20.

Faili la Magere ni hili. Alikuwa mtu wa Kano, na mwili wake ulikuwa jiwe: mkuki ulimgonga ukaanguka. Lang'o, jina ambalo Wajaluo huwaita majirani zao Wakalenjin, walichoka kushindwa wakampelekea binti mzuri awe mkewe. Siku moja akaugua, akataka achanjwe ili atiwe dawa. Wembe haukuingia mwilini. Ndipo alipomwambia mkewe achanje kivuli, na kivuli kikatoa damu. Binti alirudi kwao usiku na habari hiyo. Katika vita vilivyofuata mkuki ukalenga kivuli, shujaa akaanguka akageuka jiwe. Jiwe lenyewe huonyeshwa hadi leo katika kaunti ya Kisumu, na inasimuliwa kwamba wawindaji walinoa mikuki yao hapo ili wapate bahati. Okoiti Omtatah aliiandikia hadithi hiyo tamthilia zamani, kabla hajawa yule mtu wa kuishtaki serikali kila wiki na baadaye seneta wa Busia.

Faili la Liyongo ni nene zaidi, maana Waswahili huandika. Edward Steere alichapa hadithi zake katika kitabu cha mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akautunga utendi wake mwaka 1913. Mtu wa Shaka na Ozi, karibu na mlango wa mto Tana. Mrefu, mwenye nguvu, mshairi, na mlenga shabaha asiyekosa. Mfalme wa Pate alimwogopa akamtia gerezani. Mama yake akamtuma kijakazi Saada na mikate, mizuri na mmoja wa wishwa. Walinzi wakala mizuri, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa, na ndani yake mlikuwa na tupa. Ngoma ilipopigwa nje, naye akiwa amewatungia nyimbo wachezaji, alikata minyororo bila mtu kusikia. Walipomtega juu ya mkoma ili wamfume akipanda, hakupanda: aliangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mwishoni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mfalme, alimdadisi mpaka akaijua siri, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala.

Sasa twende uwanjani.

Wasiojua mambo hufikiri kwamba Mulot, kwa kuwa ni nchi ya Wakipsigis, ambao ni Wakalenjin, humpinga Magere kama adui wa mababu. Ni kinyume kabisa. Hakuna wanaomkuza Magere kama wazao wa jamaa za waliomuua. Kadiri alivyokuwa mgumu, ndivyo binti wa Lang'o alivyokuwa na akili. Ukimpunguza Magere mkuki mmoja, umempunguza binti yetu heshima. Kwa hiyo mtu wa Bomet na mtu wa Ahero, huko Kano, ambao ni nadra wakubaliane juu ya rais, husimama bega kwa bega upande wa jiwe. Liyongo hubakiwa na mtetezi mmoja tu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na mwalimu huyo hutosha.

"Mwalimu, mshale unaingia kwa jiwe?" kijana wa bodaboda huanza.

"Kijana wangu, umeambiwa apige jiwe? Kivuli kiko wapi?"

Hapo ndipo ubishi unapopanda cheo kuwa elimu, bila karo wala sare. Swali la kivuli ni swali la jua, na jua lina hesabu zake. Mulot iko kama digrii moja tu kusini mwa ikweta. Wiki ya tatu ya Machi na ya Septemba, saa sita na nusu hivi mchana, jua hufika karibu kabisa juu ya utosi, na mtu aliyesimama wima hana kivuli cha kuonekana. Kimejificha chini ya nyayo zake. Watetezi wa Magere hutaka pambano lifanyike wakati huo huo, si dakika kumi baadaye. Mwalimu hutaka saa kumi na moja jioni, kivuli kikiwa kirefu kuliko mti. Mwenye hoteli, ambaye kazi yake ni kuuza chai na si kuamua kesi, hukumbusha kwamba Machi mvua za masika huwa zinakaribia, na penye mawingu kivuli hakuna saa yoyote. Hoja hiyo humpeleka Magere Kericho, ambako mvua ya alasiri, mara nyingine na mawe yake ya kuharibu majani chai, hunyesha karibu mwaka mzima. Kwa kanuni za hali ya hewa, shujaa wa Kano hashindiki Kericho. Mwalimu huomba pambano lihamishiwe Lamu.

Tena silaha. Mwenye kufikiri haraka husema upinde hushinda mkuki kwa sababu hufika mbali. Kweli, lakini angalia ubaya wa kipaji. Mpiga mishale duni angekosa mwili na kwa bahati akachoma kivuli, kesi ikaisha asubuhi. Liyongo hakosi. Kila mshale wake ungefika kifuani, na kifua ni jiwe. Ustadi wake ndio ungemmalizia mishale. Upande wa pili Magere ana mkuki wa chuma, na Liyongo hafi kwa chuma, hufa kwa shaba, tena kitovuni. Kwa hiyo hawa wawili wangepigana mpaka njaa iwashike. Na njaa ikishika, utendi unasimulia kwamba Liyongo alikuwa akisafiri na mfuko uliobeba kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu na hata mafiga. Angekoka moto. Hilo halimo katika mpango wa pambano, lakini ni vigumu kulipinga.

Wenye dharau watasema watu wakubwa hawajiingizi katika upuuzi huu. Livy, mwanahistoria wa Roma, aliisimamisha historia yake katika kitabu cha tisa ili abishane kama Aleksanda Mkuu angewaweza Warumi iwapo angewashambulia, wakati Aleksanda alikuwa amekufa miaka kama 300 kabla yake. Aliamua kwamba Warumi wangeshinda. Alikuwa Mrumi.

Wamarekani walijaribu kuukomesha ubishi kwa mashine. Mwaka 1969 Rocky Marciano na Muhammad Ali, ambaye wakati huo alikuwa amevuliwa ubingwa na kuzuiwa ulingoni, walirekodiwa wakiigiza ngumi, na kompyuta ikalishwa takwimu zao ili iseme nani ni bingwa wa wakati wote. Filamu ilionyeshwa Januari 20, 1970, Marciano akiwa amekwisha kufa kwa ajali ya ndege miezi michache kabla. Katika sinema za Marekani Marciano alimwangusha Ali raundi ya 13. Huko Ulaya ikaonyeshwa nakala ambayo Ali ndiye mshindi. Ali alitania kwamba kompyuta ile lazima ilitengenezwa Alabama. Mashine iliyogharimu pesa nyingi ilitoa majibu mawili kwa wateja wawili. Steji ya bodaboda ingetoa manane, kwa bei ya chai.

Kuna mahali ubishi huu huacha kuwa mchezo. Nchi ya Wakalenjin ilitoa wanariadha wawili ambao dunia ilisubiri kuwaona pamoja: Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, na Kelvin Kiptum, aliyeivunja rekodi hiyo ya dunia Chicago Oktoba 8, 2023 kwa 2:00:35. Hawakuwahi kushindana. Februari 11, 2024 Kiptum alifariki kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 24. Wanaobishana sasa nani angemaliza mbele kwenye Olimpiki ya Paris hawabishani kwa ajili ya kushinda. Wanampa kijana yule kilomita chache zaidi.

Na anayeona kugombania Magere ni kupoteza muda, aitazame njia nyingine ya kuutumia. Sondu, mpakani mwa Kericho na Kisumu, watu wa makabila hayo hayo mawili ya hadithi wamewahi kupigana kwa mishale ambayo haikutoka katika utendi wowote, na majeruhi wake walilazwa hospitali za kweli. Ubishi wa hotelini haujamlaza mtu, isipokuwa waliosahau kuwa chai ni moto.

Lalamiko kubwa ni kwamba hauishi. Wanaolalamika hawajafuatilia rekodi, maana kuna hoja moja ambayo Mulot huimaliza kabisa. Ikishakubaliwa kwamba Magere na Liyongo hawauani, mtu huuliza juu ya wauaji wao: yule mke wa Lang'o na yule mtoto wa Liyongo, nani alikuwa hodari zaidi? Mwalimu hujaribu kidogo. Lakini mtoto alimchoma baba aliyelala, kisha akamwogopa hata akiwa amekufa: Liyongo alipiga goti kisimani, upinde mkononi, na mji mzima ukakaa bila maji kwa kuogopa kumsogelea maiti. Ahadi za mfalme hakuzipata. Binti alikwenda ugenini peke yake, akaitambua siri ambayo majeshi hayakuitambua, akavuka usiku akafika kwao salama. Kura hupita bila kupingwa, na mwalimu mwenyewe huinua mkono.

Ukimya wa aina hiyo hauvumiliki. Dakika tatu baadaye mtu wa kanisa, aliyekuwa akinywa chai yake pembeni kwa adabu, huweka kikombe chini na kuuliza iwapo kuna anayejua jinsi Magere angemkabili Samsoni, kabla hajanyolewa.