Siki ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ameoga siki. Ni alfajiri ya leo, kabla ya swala, na hadi naandika haya hajatoka chumbani. Amejitanda leso, amefunga mlango, na amemtuma mjukuu wake aje kuniuliza iwapo nyumba hii ina maji ya kuogea au ina kachumbari tu.

Naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa. Shawa yetu ilikuwa imeziba. Tundu moja lilirusha maji ukutani, jingine jichoni, na yaliyobaki yalidondosha tone kwa tone, kwa huruma. Sikutaka asidi ya mafundi wa vigae, ile inayotoa moshi na kukohoza mtaa mzima. Nilitaka kitu ambacho hata mtoto akikilamba atakunja uso tu. Utaratibu wenyewe ni rahisi: watia siki nyeupe mfukoni, wauvisha mfuko kwenye shawa mpaka matundu yote yazame, waufunga kwa mpira, waenda zako. Shida ni mfuko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwaka 2017, na mimi ni raia mwema, kwa hivyo nikatumia karatasi ya mkate. Nikaifunga, nikalala.

Mama akaamka kabla yetu sote. Stima hakuna. Akaingia bafuni gizani, akasimama pale pale panaposimamwa, akafungua mfereji. Maji yakajaa mfukoni, mpira ukasalimu amri, na siki yote, pamoja na chenga za mkate, ikamshukia utosini.

"Mwanangu," akaniambia kupitia mlangoni, kwa ule upole unaotisha kuliko kelele, "harufu niliisikia tangu usiku. Nikadhani mwatengeneza achari. Kumbe embe ni mimi."

"Shikamoo, mama," nikajibu.

Hakuitika.

Sasa, shawa yenyewe imefunguka, matundu yote, na hilo hakuna aliyelitaja. Wala hakuna anayetaka kusikia habari za ule ukoko mweupe, ilhali mimi naweza kuzisimulia mpaka chai ipoe. Ukoko ule ni jiwe. Mvua ikishuka huchukua gesi ya kaboni dayoksaidi hewani, ikipenya udongoni huchukua nyingine zaidi, ikawa asidi dhaifu isiyoweza kumuudhi mtu. Lakini kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na matumbawe ni kalsiamu kabonati, na kabonati haina ubishi mbele ya asidi. Maji hulila jiwe polepole, hulibeba likiwa limeyeyuka, na ukiyateka kisimani ni maangavu, huoni kitu. Kisha yafika kwenye shawa yangu. Tone lakauka, gesi yarudi hewani, na jiwe, likiwa limekosa mchukuzi, labaki hapo hapo. Kila aliyeoga aliongezea tabaka. Jiwe ambalo Wareno walianza kulipanga mwaka 1593 wakapata Fort Jesus, jiwe ambalo huko Bamburi limekuwa likichomwa kuwa saruji tangu 1954, mimi nililetewa mpaka bafuni bila ada ya usafiri. Mwaka baada ya mwaka nilikuwa najengewa ngome ndani ya bomba.

Siki nayo ina asidi asetiki, kama asilimia 5 hivi. Ikigusa ukoko, viputo vyaanza kupanda: ni kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungiwa jiweni, sasa yatoka. Nimewahi kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, tochi mkononi, nikivitazama, hadi mke wangu akauliza kama kuna na taarifa ya habari.

Mengine ni madogo. Magadi na siki kwenye sinki la jikoni: povu la kupendeza, uchafu ukabaki, kwani asidi na magadi hupunguzana nguvu na povu ni la kumfurahisha mtazamaji. Ukwaju kwenye koki ya shaba: ikang'aa, sisimizi wakahamia. Ndimu kwenye sakafu ya terazo: hatuzungumzi.

Ila liko jambo halinichekeshi. Nilipokuwa bado natafuta dawa isiyo kali, mchuuzi alinipitia mlangoni na "dawa ya asili" ya bafu. Chupa ilikuwa ya soda, imekwisha kutumika, na kibandiko chake kilikuwa jani la kijani lililochorwa kwa kalamu. Asili ya nini? Akasema asili ya Mombasa. Nikafungua, nikanusa: jiki tupu. Chupa kama hiyo huwekwa chini ya sinki, kwa kimo cha mtoto anayejua fika kwamba chupa za namna hiyo hutiwa vinywaji. Wanawake tunaowalipa kutusafishia bafu huitumia kwa mikono mitupu, ngozi ikawababuka, na aliyeinunua asifu bei. Wakilalamika, huambiwa dawa nzuri ni ile inayowasha. Nani kasema? Nimeona viganja vilivyochunika vikipokea mshahara ambao hautoshi hata kununua glavu, na sijaona mwenye nyumba aliyevaa glavu hizo yeye mwenyewe.

Basi ndugu muuzaji, andika kwenye chupa kilichomo, kwa herufi, jani halisomeki. Nawe mnunuzi, chupa isiyo na jina usiichanganye na siki yako hata kwa kujaribu. Jiki na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kimoja kisichofunguka.